Tairi Kubwa Peke Yake Halitoshi

Sisi watu wa Kiongoroni barabara yetu ya kwanza ni maji. Mtumbwi na mashua ndiyo usafiri wetu wa kila siku. Lakini safari zetu haziishii majini. Mama mjamzito akifikishwa nchi kavu anahitaji gari la kumpeleka Kibiti au hospitali ya Mchukwi. Kamba na samaki wakishushwa Nyamisati wanahitaji gari kabla barafu haijayeyuka. Mpunga nao ukivunwa unataka gari.

Na gari letu hukwama. Masika linakwama katika tope. Kiangazi linakwama katika mchanga. Kwa hiyo siku hizi vijiweni kuna maneno mengi. Watu wanasema: "Nunueni matairi makubwa. Hamtakwama tena." Vijana wameona picha za magari marefu yenye matairi yanayofika kiunoni, nao wanasema hayo ndiyo magari ya kwetu.

Maneno haya yana ukweli nusu. Nusu nyingine haisemwi, na hiyo ndiyo inayoweza kumaliza fedha za kikundi au kuua watu. Tairi kubwa hubadilisha gari zima. Hubadilisha nguvu ya kuvuta, breki, usukani, hata namba zinazoonyeshwa na spidi mita. Basi hebu tulitazame jambo hili hatua kwa hatua, kabla hatujafungua kisanduku cha fedha.

GARI LINAKWAMA WAPI?

Swali la kwanza si "tairi gani?" Swali la kwanza ni "tunakwama wapi?" Katika sehemu zetu kuna namna tatu za kukwama, na dawa zake hazifanani.

Namna ya kwanza ni mchanga. Tairi linazunguka, linajichimbia shimo, gari linakaa juu ya tumbo lake. Hapa gari linataka tairi linalokanyaga eneo kubwa.

Namna ya pili ni tope la mfinyanzi, kama lile la njia zinazopita mashamba ya mpunga. Juu ni laini na linateleza. Lakini chini yake, sentimita kadhaa, mara nyingi kuna udongo mgumu. Hapa tairi pana si zuri. Linaelea juu ya utelezi na kwenda upande. Linalofaa ni tairi jembamba lenye meno makubwa, likate tope mpaka likamate udongo mgumu.

Namna ya tatu ni tope la mikokoni. Hili wote tunalijua. Maji ya bahari hulifunika na kuliacha kila siku, na ukichoma mti unazama bila kufika chini. Hapa tuseme kweli: hakuna tairi la gari letu litakalopita. Hapo ni kazi ya mtumbwi, tena kwa kungoja maji yajae.

Kipo kipimo rahisi ambacho hakina gharama. Dereva ashuke, atembee kwa miguu mahali anapotaka kupita. Mtu mzima anapotembea, mguu wake unabonyeza ardhi kidogo tu. Tairi lililojazwa upepo wa kawaida linabonyeza kwa nguvu zaidi ya mguu huo. Basi mguu wa mtu ukididimia mpaka katikati ya muundi, na chini hakuna kigumu, gari halitapita. Lizungushwe au lingoje.

KUSOMA NAMBA ZA TAIRI

Sisi tuliojifunza kusoma tuitumie elimu yetu. Ubavuni mwa tairi kuna namba. Muuza matairi asikusomee. Soma mwenyewe.

Tairi la Land Rover ndefu za zamani, na la Land Cruiser nyingi za kazi, huandikwa 7.50-16 au 7.50R16. Namba 7.50 ni unene wa tairi kwa inchi. Namba 16 ni upana wa ringi kwa inchi, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Inchi moja ni kama sentimita mbili na nusu. Tairi hili likisimama lina urefu wa karibu sentimita 80.

Matairi mengine huandikwa hivi: 265/70R16. Hapa 265 ni unene kwa milimita. Namba 70 maana yake kimo cha ubavu wa tairi ni sehemu 70 katika kila 100 za unene ule. Namba 16 ni ringi. Tufanye hesabu:

Kimo cha ubavu mmoja: 265 mara 70, gawa kwa 100, ni milimita 185 na nusu.
Mbavu mbili, juu na chini: milimita 371.
Ringi ya inchi 16: milimita 406.
Jumla: milimita 777, yaani karibu sentimita 78.

Umeona? Tairi hili ni nene kuliko 7.50-16, lakini ni fupi kidogo. Watu wengi wakiona tairi nene hudhani ni refu. Usinunue kwa macho. Piga hesabu.

Tena tazama namba nne zilizo ndani ya kiduara kirefu, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT. Zikiwa 3219, tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2019. Matairi makubwa mengi yanayouzwa kwetu yameshatumika nchi za nje. Meno yanaweza kuwa mazuri, lakini mpira umezeeka na una nyufa ndogo ndogo. Tairi la namna hiyo hupasuka likipata joto na mzigo.

FAIDA YA TAIRI REFU

Tusilionee tairi kubwa. Faida anayo.

Chini ya gari, kitu kinachokaribia ardhi kuliko vyote ni lile tufe la chuma lililo katikati ya ekseli. Mafundi huliita difu. Gari linapopita katika njia yenye makorongo ya malori, difu ndiyo inayokwaruza tuta la katikati. Ikishakaa juu ya tuta, magurudumu hayana kazi tena.

Kuna watu huinua gari kwa kuongeza springi. Bodi inapanda juu, gari linaonekana refu. Lakini difu haipandi hata kidogo, kwa sababu ekseli inakaa juu ya magurudumu na si juu ya springi. Kinachoinua difu ni tairi refu tu.

Inainuka kiasi gani? Nusu ya urefu ulioongezeka. Ukitoa tairi la sentimita 80 na kuweka la sentimita 90, urefu umeongezeka sentimita 10. Difu itapanda sentimita 5. Si haba, lakini si muujiza.

Faida ya pili: gurudumu refu hupanda shimo au gogo kwa urahisi zaidi. Kila aliyesukuma mkokoteni anajua kuwa gurudumu dogo huingia shimoni na kubwa hupita juu.

YANAYOBADILIKA BILA KUONEKANA

Sasa tuje kwenye ile nusu isiyosemwa. Tuchukue mfano huohuo wa kutoka sentimita 80 kwenda 90.

Kwanza, nguvu ya kuvuta inapungua. Mwendesha baiskeli analijua hili. Baiskeli yenye gurudumu kubwa inakwenda mbali kwa kila mzunguko wa pedeli, lakini mlimani inakushinda. Gari nalo ni hivyo. Injini ni ileile na gia ni zilezile, ila gurudumu ni refu zaidi. Katika mfano wetu, kila sehemu 9 za nguvu zinapungua na kuwa 8. Dereva ataona gia ya tatu haivuti tena na mzigo wa mpunga. Atakanyaga mafuta zaidi na kuchezea klachi zaidi. Klachi itaungua.

Pili, spidi mita inadanganya. Yenyewe huhesabu mizunguko tu, haijui tairi limekua. Mshale ukisema 40, gari linakwenda 45. Ukisema 80, linakwenda 90. Dereva anayefuata sheria atakuwa anaivunja bila kujua.

Tatu, breki zinalegea. Hili ndilo la hatari kuliko yote. Breki hukamata karibu na katikati ya gurudumu. Gurudumu likiwa refu, ardhi inakuwa mbali zaidi na breki, na nguvu ileile ya mguu inasimamisha kidogo zaidi. Tena tairi kubwa ni zito. Likishazunguka halitaki kusimama. Gari la zamani lenye breki za dramu, limebeba mgonjwa na watu saba nyuma, linashuka kilima karibu na Bungu, na ng'ombe anavuka njia. Hapo hakuna muda wa kupiga hesabu.

Vijana husema, "Bibi, gari hili sasa linapita popote." Bibi mwenye akili hujibu, "Mjukuu wangu, kupita nimeona. Nionyeshe linavyosimama."

Nne, gari linakuwa refu na linapinduka upesi. Hasa likipakia magunia juu ya keria na watu juu ya magunia.

Tano, vyuma vinachoka. Beringi za magurudumu, ncha za stelingi na shafti zinazozungusha magurudumu ya nyuma vilitengenezwa kwa tairi lake. Ukivipa tairi zito na lenye nguvu ya kung'ang'ania, kitu kitakatika. Mara nyingi hukatika matopeni, mbali na fundi, usiku.

KIWANDA KILIFANYAJE?

Tusidhani haya ni maneno ya kutisha watu. Tutazame waliotengeneza magari wenyewe walifanya nini walipotaka tairi kubwa.

Land Rover fupi za zamani zilivaa tairi la 6.00-16. Land Rover ndefu zilivaa 7.50-16. Kuanzia mwaka 1968 kiwanda cha Uingereza kikatoa Land Rover ndefu ya kubeba tani moja. Hiyo ilivaa 9.00-16, tairi la karibu sentimita 90. Kumbe ni mfano wetu uleule. Je, walifunga tairi tu na kuiuza? Hapana. Walibadilisha gia ili nguvu ya kuvuta irudi, wakaimarisha springi na kuinua gari ili tairi lipate nafasi. Tairi lilikuwa sehemu moja ya kazi nzima.

Mfano mwingine ni nchi ya Iceland, kaskazini ya mbali, yenye theluji nyingi. Wenyeji wake wamekuwa wakifunga matairi makubwa sana katika magari ya kawaida kwa miaka mingi, na wanapita juu ya theluji laini. Siri yao si ukubwa tu. Wanakata madigadi, wanabadilisha meno ya difu, wanarekebisha spidi mita. Na wakifika kwenye theluji wanatoa upepo mpaka tairi linakuwa kama mkate. Tairi kubwa kwao ni mfuko wa kuchukua upepo mdogo. Neno hilo la upepo tulikumbuke, tutalirudia.

KAZI ZA FUNDI

Ikiwa baada ya kufikiri kikundi kimeamua kuongeza tairi, basi kazi ifuate utaratibu huu.

1. Ongezeko liwe dogo. Sentimita 4 au 5 za urefu wa tairi, gari nyingi za kazi huweza kuvumilia bila kubadili gia. Kuanzia sentimita 10, ni lazima gia zibadilishwe.

2. Ringi ifanane na tairi. Kila tairi lina upana wa ringi linaotaka. Usilazimishe tairi pana katika ringi nyembamba. Usifunge vipande vinene vya chuma kati ya ringi na gurudumu ili kulitoa nje. Vinatesa beringi na boli.

3. Jaribu kabla ya kulipa. Funga matairi mawili ya mbele. Weka gurudumu moja juu ya tofali au gogo ili springi ibonyee. Zungusha usukani mpaka mwisho wa kulia, kisha mwisho wa kushoto. Ingia chini utazame. Tairi lisiguse madigadi, springi wala mpira wa breki. Likigusa mpira wa breki, siku moja litaukata.

4. Likigusa madigadi, fundi atakata kidogo na kukunja ukingo. Likigusa springi, atarekebisha boli za kuzuia usukani. Hapo gari litahitaji uwanja mkubwa zaidi kugeuza. Dereva aambiwe.

5. Gari likiinuliwa kwa springi, isizidi kama sentimita 5. Likiinuliwa zaidi, mipira ya breki inavutika na propela inakaa upande upande. Fundi ainue gari kwa jeki mpaka magurudumu yaning'inie, atazame kama mipira ya breki bado ina nafasi.

6. Breki zitengenezwe kwanza. Zifunguliwe zote nne. Vitambaa vilivyoisha vibadilishwe, mafuta ya breki yawe mapya. Fundi akisema "breki tutaangalia baadaye", mtafute fundi mwingine.

7. Meno ya difu yakibadilishwa, yabadilishwe mbele na nyuma, na hesabu yake iwe moja. Ikitofautiana, difu za mbele na nyuma zitapigana zenyewe kwa zenyewe.

8. Kwa sababu hiyohiyo matairi yote yawe na urefu mmoja. Wengine hununua mawili makubwa ya nyuma na kuacha mawili madogo ya mbele, wakisema "mbona trekta ni hivyo?" Trekta inayovuta kwa magurudumu yote manne ilitengenezwa kiwandani na gia za kulinganisha urefu huo. Gari letu halina gia hizo. Likiweka gia ya kuvuta magurudumu yote, litavunja vyuma vyake. Na tairi la akiba nalo liwe sawa na mengine. Kwa hiyo hesabu si matairi manne. Ni matano.

DAWA YA BEI NAFUU: UPEPO

Sasa tulirudie lile neno la Iceland. Kabla kikundi hakijanunua tairi hata moja, kijaribu kitu ambacho tayari kipo ndani ya tairi. Nacho ni upepo.

Fanya jaribio hili nyumbani. Kanyaga tope kwa kisigino. Unazama. Weka ubao, simama juu yake. Huzami. Uzito wako ni uleule, lakini umeutandaza. Tairi lenye upepo mwingi ni kisigino. Tairi lenye upepo kidogo ni ubao. Likilegea linalala chini kwa urefu, mbele na nyuma, na kukanyaga eneo kubwa zaidi.

Tuseme gari linatumia upepo 35 likiwa kwenye barabara nzuri. Ukifika kwenye mchanga, punguza mpaka kama 20. Magari mengi yaliyokuwa yakikwama hupita hapohapo, na matairi yake ya zamani. Lakini fuata masharti:

Endesha polepole, usizidi kilomita 30 kwa saa. Usikate kona kwa ghafla.
Gari likiwa na mzigo mzito, usipunguze sana. Punguza mzigo kwanza.
Tairi la tyubu usilishushe chini ya 20. Likilegea sana linateleza juu ya ringi na kung'oa mdomo wa tyubu.
Jaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Tairi laini likienda kasi kwenye lami hupata joto na kupasuka.

Vifaa vinavyohitajika ni viwili: geji ya kupimia upepo na pampu nzuri. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na matairi matano, ringi, springi na kazi ya fundi.

Kwa tope la mfinyanzi ongeza minyororo ya kufunga kwenye matairi. Katika gari kuwe na koleo, kamba nene na ubao wa kuweka chini ya jeki, maana jeki bila ubao huzama. Njia mbovu itandikwe makumbi ya nazi na makuti makavu. Tusikimbilie kukata mikoko. Mikoko ni msitu wa hifadhi na kuikata kunahitaji kibali. Tena ndiyo nyumba ya kamba wetu wanapokuwa wadogo.

Na gari likipita maji ya chumvi lioshwe chini kwa maji baridi siku hiyohiyo. Chumvi hula mabomba ya breki kimya kimya.

TAIRI KUBWA NA MAJI YA MAFURIKO

Mwezi wa Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika. Rufiji na Kibiti watu wengi walipoteza mashamba na nyumba. Wazee wanakumbuka pia mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Mafuriko kwetu si mgeni, na yatakuja tena.

Gari refu humpa dereva moyo wa uongo. Anasema, "Maji hayafiki mlangoni." Lakini maji hayahitaji kufika mlangoni. Maji yanayokwenda kasi yakifika nusu mita yanaweza kusukuma gari. Na tairi kubwa lina upepo mwingi ndani yake. Ni kama boya. Linataka kuelea, na gari likielea kidogo tu, usukani hauna kazi.

Tena mrija mrefu wa kuvutia hewa, ule uliofanya watu waite gari "mkonga", huzuia maji yasiingie kwenye injini. Hauzuii gari lisisombwe. Kwa hiyo maji yanayokwenda kasi hayavukwi kwa gari, hata liwe refu namna gani. Wala dereva asiingie mtoni kupima kina kwa miguu. Mto wetu una mamba na viboko. Angoje, au mgonjwa avushwe kwa boti na gari lingine limpokee ng'ambo.

SHERIA NAYO IPO

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari linalotembea barabarani liwe zima na salama. Askari wa usalama barabarani wana uwezo wa kulikagua na kulisimamisha. Gari likibadilishwa matairi, springi au bodi, lipelekwe kwa mkaguzi wa magari wa polisi kabla ya kuanza kubeba watu. Kama gari lina bima, kampuni ya bima nayo iambiwe kwa maandishi. Gari likipata ajali na ikaonekana limebadilishwa bila taarifa, familia zinaweza kuhangaika kupata haki yao.

HESABU YA KIKUNDI

Kikundi kikikutana, katibu achore ukurasa katika sehemu mbili.

Upande wa kushoto aandike: matairi matano, ringi tano, springi, kazi ya breki, meno ya difu mbele na nyuma, kukata madigadi, ukaguzi, na mafuta yatakayoongezeka kila safari.

Upande wa kulia aandike: geji, pampu, minyororo, koleo, kamba, ubao, matengenezo ya breki za sasa, na siku mbili za wanakijiji kutengeneza sehemu tatu mbovu kuliko zote za njia.

Kisha waulize bei, wajaze, wajumlishe. Maamuzi yatoke katika karatasi hiyo. Kama upande wa kulia utatosha, fedha zitakazobaki zinaweza kununua mashine ya boti, na sisi wa visiwani boti ndiyo inayotutoa nyumbani.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza jua unakwama wapi.
Mchanga unataka tairi laini. Mfinyanzi unataka tairi jembamba lenye meno. Tope la mikokoni linataka mtumbwi.
Tairi refu huinua difu kwa nusu tu ya urefu ulioongezeka.
Tairi likikua, nguvu ya kuvuta na breki hupungua, na spidi mita hudanganya.
Breki kwanza, tairi baadaye.
Matairi yote matano yawe sawa.
Maji yanayokwenda kasi hayavukwi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sehemu tatu ambazo gari hukwama katika njia yenu. Kila moja ni ya namna gani: mchanga, mfinyanzi au tope lisilo na mwisho?

2. Tairi limeandikwa 235/85R16. Piga hesabu ya urefu wake. Je, ni refu kuliko 7.50-16 au ni fupi?

3. Gari limetoka tairi la sentimita 80 kwenda 90. Spidi mita inaonyesha 56. Gari linakwenda kasi gani?

4. Nani katika kijiji chenu anakagua breki za gari linalobeba wagonjwa? Lilikaguliwa lini mara ya mwisho?

Majibu ya hesabu: Swali la 2, milimita 805 au 806, yaani karibu sawa kabisa na 7.50-16. Swali la 3, kilomita 63 kwa saa. Swali la 4 halina jibu gazetini. Jibu lake liko kijijini kwenu, na lipatikane kabla ya masika.